Kikojozi, Figo na Mundu: Historia ya Ugonjwa wa Kurithi katika Nchi ya Ziwa

Madhumuni ya makala hii ni kueleza historia ya ugonjwa mmoja wa kurithi uitwao sikoseli, au kwa jina lililosanifiwa, seli mundu. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya maumivu ya mifupa na upungufu wa damu unaowapata wagonjwa wa sikoseli. Sisi tutashika jambo moja tu ambalo halisemwi sana, nalo ni kushindwa kwa figo kukoleza mkojo, hata pale homoni ya mwili inayoliamuru figo lifanye kazi hiyo ipo tele. Jambo hili laonekana dogo likilinganishwa na maumivu. Lakini ndilo linalomfanya mtoto akojoe mno, alowe kitandani usiku, apungukiwe na maji mchana, na mwisho ahukumiwe kwa kosa ambalo hakulitenda.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Kalemela, katika Mkoa wa Simiyu. Mkoa huo uliundwa mwaka wa 2012 kwa kuunganisha sehemu zilizokuwa za Shinyanga na Mwanza, na makao yake makuu ni Bariadi. Hii ni nchi ya Wasukuma, wakulima wa pamba, mtama na mpunga, na wafugaji wa ng'ombe. Upande mmoja inapakana na Ziwa Viktoria na upande wa pili na mbuga za Serengeti. Kalemela ni kama vijiji vingine vingi vya nchi hiyo: malaria imekuwapo tangu zamani, kiangazi ni kikali, na maji ya nyumbani aghalabu huletwa kwa kichwa au kwa baiskeli. Mambo hayo matatu, yaani malaria, kiangazi na ndoo ya maji, yote yamo katika historia tutakayoieleza.

Neno lenyewe

Kwa kuwa makala hii inatoka katika jarida la lugha, yafaa tuanze na neno. Mtoto anayelowesha kitanda huitwa kikojozi. Neno hili limejengwa kutokana na kitenzi kojoa, likapewa kiambishi ki- mwanzoni na -zi mwishoni. Ndivyo yalivyojengwa pia maneno kinyozi na kiongozi. Kinyozi ni mtu ambaye kunyoa ndiyo kazi yake. Kiongozi ni mtu ambaye kuongoza ndio wajibu wake. Basi kikojozi, kwa umbo la neno lake, ni mtu ambaye kukojoa ndiyo desturi yake. Neno lamtaja kama mtenda.

Tulinganishe na maneno kipofu, kiziwi na kilema. Haya nayo yana ki- mwanzoni, lakini hayamtaji mtu kwa tendo lake. Yamtaja kwa kile ambacho mwili wake umekosa. Hakuna ampigaye kipofu kwa kutoona. Lakini kikojozi hupigwa, huaibishwa, hutolewa nje na mkeka wake asubuhi watu wote wakiona, na nyimbo za watoto za kumdhihaki zajulikana pwani na bara. Tena ipo dawa moja ambayo wazazi wengi huitumia kwa nia njema kabisa: mtoto akatazwe kunywa maji tangu jua linapotua.

Swali letu, basi, ni hili: mtoto huyu yuko upande gani? Yuko upande wa kinyozi, au upande wa kipofu? Jibu halikupatikana kwa siku moja. Lilihitaji kazi ya watu wengi, katika nchi nyingi, kwa muda unaozidi miaka mia moja.

Kazi ya figo na mjumbe wa maji

Kwanza tueleze namna figo linavyofanya kazi. Mafigo mawili ya mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu kila siku. Lakini mkojo utokao ni lita moja na nusu tu, au zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba karibu maji yote yaliyochujwa hurudishwa katika damu. Sehemu kubwa hurudishwa bila kungoja amri. Sehemu ndogo iliyobaki ndiyo inayotawaliwa na homoni, na kwa sehemu hiyo ndogo mwili huamua kama mkojo uwe mwepesi au mzito.

Homoni hiyo huitwa vasopresini. Hutengenezwa katika ubongo na kutolewa na tezi ndogo iliyo chini yake. Mwaka wa 1913 Farini wa Italia na von den Velden wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba maji ya tezi hiyo yakidungwa kwa mgonjwa akojoaye mno, mkojo wake hupungua. Mwaka wa 1947 Verney wa Uingereza alieleza jinsi ubongo unavyohisi chumvi ya damu inapozidi, kisha ukaachilia homoni. Mwaka wa 1954 du Vigneaud wa Marekani aliweza kuiunda homoni yenyewe katika maabara, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Lakini mjumbe ni mjumbe tu. Lazima apo aendako pawe na mtu wa kumsikiliza. Homoni inapofika katika figo, hufungua vijitundu vya maji katika mirija ya mwisho inayopitisha mkojo. Hata hivyo, kufunguliwa kwa mlango hakutoshi. Maji hayatoki katika mrija ila kama nje yake pana kitu cha kuyavuta, na kitu hicho ni chumvi. Sehemu ya ndani ya figo ni yenye chumvi nyingi kuliko mahali pengine popote mwilini. Mwaka wa 1951 Wirz, Hargitay na Kuhn, waliokuwa Basel katika Uswisi, walipima vipande vya figo la panya vilivyogandishwa, wakakuta ya kwamba chumvi huzidi kidogo kidogo kadiri mtu anavyokwenda kutoka nje ya figo hadi ndani. Chumvi hiyo hulimbikwa na mirija iliyopinda kama kitanzi, ambayo Henle wa Ujerumani aliieleza tangu mwaka wa 1862; na hulindwa na mishipa midogo ya damu iendayo sambamba na mirija hiyo, ikishuka na kupanda polepole ili isiichukue chumvi na kuondoka nayo.

Hivyo kukoleza mkojo kwahitaji mambo mawili: mlango ufunguke, na chumvi iwepo nje. Msomaji akiyashika mawili haya, atafahamu magonjwa ya kurithi ya namna hii yote.

Upo ugonjwa ambao ndani yake mlango haufunguki. Mwaka wa 1947 Williams na Henry, madaktari wa Marekani, walieleza habari za jamaa ambao watoto wao wa kiume walikuwa wakikojoa maji mengi sana tangu uchanga, na mama zao ndio waliowarithisha. Kudungwa homoni hakukuwafaa kitu. Tangu mwaka wa 1992 imejulikana kwamba aghalabu kasoro iko katika jeni ya kipokezi cha homoni, na kwa wengine katika jeni ya kijitundu chenyewe cha maji. Agre, aliyevigundua vijitundu vya namna hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2003. Ugonjwa huo ni wa nadra mno popote duniani.

Ugonjwa wa pili ni ule ambao ndani yake mlango hufunguka, lakini chumvi haipo. Huo si wa nadra. Huo ndio wa sikoseli, na ndio ulioenea katika Nchi ya Ziwa.

Mundu katika damu

Historia ya sikoseli katika vitabu vya tiba huanzia Chicago. Mwishoni mwa mwaka wa 1904 kijana mmoja wa kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, alifika hospitali akiwa na kikohozi, homa na upungufu wa damu. Daktari mwanafunzi Irons aliitazama damu yake kwa hadubini, akaona chembe nyekundu zilizopinda mfano wa mundu. Mkubwa wake, Herrick, akaandika habari hizo mwaka wa 1910. Noel alirudi kwao, akafanya kazi ya meno, akafa mwaka wa 1916. Jambo la kupendeza kwa makusudi yetu ni kwamba katika taarifa hiyo ya kwanza kabisa Herrick alitaja ya kuwa mgonjwa alikuwa akitoa mkojo mwingi na mwepesi. Dalili ya figo ilikuwapo mbele ya macho tangu siku ya kwanza. Lakini wasomaji waliitazama mundu, wakaupita mkojo.

Mwaka wa 1949 ulikuwa mwaka mkubwa. Neel katika Marekani, na Beet katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, walionyesha kwamba mwenye ugonjwa amerithi jeni mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Na mwenye jeni moja tu ni mchukuzi, aliye mzima kwa kawaida. Mwaka huohuo Pauling, Itano na wenzao walionyesha kwamba kasoro iko katika himoglobini, kitu chekundu kinachobeba hewa ya oksijeni. Mwaka wa 1956 Ingram wa Cambridge akaanza kuonyesha ya kuwa kosa lote ni badiliko la kiungo kimoja tu katika mnyororo mrefu wa himoglobini. Himoglobini hiyo, oksijeni ikipungua, hushikamana na kuwa kama nyuzi ngumu, na chembe ikapinda.

Sasa turudi katika figo. Sehemu ile ya ndani yenye chumvi nyingi ni mahali pabaya kuliko pote kwa chembe ya namna hii. Oksijeni ni haba, damu hupita polepole, na chumvi huivuta maji chembe yenyewe hata himoglobini ikasongamana. Hapo chembe hupinda, huziba mishipa midogo, na mishipa hiyo hufa mmoja baada ya mmoja. Mishipa ikifa, mpango wote wa kulimbika chumvi huharibika. Homoni hufika na kufungua milango, lakini maji hayaendi popote; hutelemka na mkojo.

Mwaka wa 1956 Keitel, Thompson na Itano walichapisha jaribio ambalo lafaa kukumbukwa na kila mzazi. Waliwapima wagonjwa wa sikoseli, wakaona kwamba kuwanyima maji hakuwafanyi wakoleze mkojo, wala homoni haiwasaidii. Kisha wakawapa watoto wadogo damu ya watu wazima wa afya. Mafigo ya watoto hao yakaanza tena kukoleza mkojo. Lakini kwa wagonjwa waliokwisha kuwa wakubwa, damu mpya haikuleta mabadiliko. Maana yake ni kwamba kwa mtoto mdogo njia za damu zimezibwa tu, na zaweza kufunguka. Baada ya miaka mingi huwa zimekwisha kufa. Mwaka wa 1970 Statius van Eps na wenzake walithibitisha jambo hili kwa picha za eksirei za mafigo ya maiti. Katika figo la mtu asiye na ugonjwa waliona mafungu ya mishipa kama nyuzi za ufagio. Katika figo la mgonjwa wa sikoseli nyuzi hizo karibu hazikuwapo. Na katika figo la mchukuzi zilikuwa zimepungua.

Tuyapime haya kwa hesabu. Wataalamu hupima ukolezi wa mkojo kwa kipimo kiitwacho miliosimoli katika kila kilo ya maji. Damu ina kiasi cha 290. Figo zima laweza kuukoleza mkojo hadi 1,200 au kupita. Figo la mgonjwa wa sikoseli aghalabu hukoma kati ya 400 na 450. Tuseme takataka ambazo mtu mzima hana budi kuzitoa kwa siku ni 600. Mwenye figo zima, akibanwa na kiu, aweza kuzitoa kwa nusu lita ya maji. Mwenye sikoseli hawezi kuzitoa bila karibu lita moja na nusu. Maji hayo yatatoka, apende asipende, anywe asinywe. Asipoyanywa, yatatoka katika damu yake. Damu ikikauka chembe huzidi kupinda. Na chembe zikizidi kupinda, maumivu huja.

Kabila au malaria?

Hadithi ya sikoseli katika Afrika Mashariki ilianza kwa swali lisilohusu figo wala mtoto. Ilianza kwa swali la kabila. Mwaka wa 1949 Lehmann na Raper walichapisha matokeo ya kupima damu ya watu wengi wa Uganda. Waliona kwamba uchukuzi wa sikoseli ni mwingi mahali pengine na haba mahali pengine. Kwa Waamba wa Bwamba ulifikia watu 45 katika kila 100. Wao waliyatazama matokeo hayo kama ushahidi wa asili za makabila na kuchanganyika kwao. Katika enzi ile ya kikoloni hilo lilikuwa jambo la kawaida: damu ya Mwafrika ilitafutiwa ukoo wake kabla ya kutafutiwa dawa yake.

Palikuwa na fumbo la pili. Katika Marekani wagonjwa wa sikoseli walijulikana sana. Katika Afrika wachukuzi walikuwa wengi kuliko huko, lakini wagonjwa wenyewe walionekana wachache mno. Wengine wakadhani kwamba labda ugonjwa huu hauwadhuru Waafrika. Jawabu lilikuwa la kuhuzunisha. Trowell katika hospitali ya Mulago, na Lambotte-Legrand na mkewe katika Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, walionyesha kwamba wagonjwa wapo wengi; ila walikuwa wakifa wangali watoto wadogo, na vifo vyao vikihesabiwa kuwa vya malaria, au vya homa nyingine. Daktari aliyengoja kuwaona wakiwa watu wazima hakuwaona, kwa kuwa hawakufika utu uzima.

Aliyelibadili swali la kabila ni Anthony Allison, mtu aliyekulia Kenya. Aliwapima watu elfu kadhaa wa makabila zaidi ya 30 katika Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko, akaona kwamba uchukuzi hauifuati lugha wala ukoo; waifuata malaria. Pwani na kando ya Ziwa, ambako mbu hawakosekani mwaka mzima, wachukuzi ni wengi; katika nyanda za juu zenye baridi, au nchi kavu isiyo na malaria nyingi, ni wachache. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi wake. Kati ya watoto 290 wa Uganda, waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 12 kati ya wachukuzi 43, yaani kama 28 katika kila 100. Na 113 kati ya 247 wasio wachukuzi, yaani kama 46 katika kila 100. Tena aliwachukua watu wazima 30 wa kabila la Waluo waliokubali kuambukizwa, 15 wachukuzi na 15 wasio wachukuzi. Kati ya wasio wachukuzi 14 walipata malaria. Kati ya wachukuzi, 2 tu. Jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa leo, lakini matokeo yake hayakutanguka.

Ndivyo ilivyojulikana kwamba jeni hii haikuenea kwa bahati. Mtoto mwenye jeni moja aliokoka malaria kuliko ndugu zake, akakua, akazaa. Gharama ikalipwa na mtoto aliyerithi mbili. Kila ukoo wa nchi za malaria uliosalia mpaka leo umepitia biashara hiyo ya uhai. Basi sikoseli katika Usukuma si laana ya nyumba fulani, wala si alama ya kabila. Ni kovu la vita virefu na malaria.

Hesabu ya Nchi ya Ziwa

Miaka mingi ilipita kabla ya Nchi ya Ziwa kuhesabiwa vizuri. Katika Mwanza kituo cha uchunguzi wa tiba kiliwekwa tangu mwaka wa 1949, lakini kazi yake ya mwanzo ilikuwa matende na magonjwa mengine ya kuambukiza. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka wa 1971, ikawa ndiyo kimbilio la wagonjwa wa kanda nzima. Katika Dar es Salaam, Muhimbili ilianza mwaka wa 2004 mpango wa kuwaandikisha na kuwafuata wagonjwa wa sikoseli kwa miaka mingi, kazi ambayo jina la Profesa Julie Makani halitengani nayo.

Mwaka wa 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliotumia matone ya damu yaliyokauka katika karatasi. Damu hiyo ilikuwa imechukuliwa kwa watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini-magharibi ili kupima virusi vya UKIMWI, na kuhifadhiwa Bugando. Matone yaliyosomwa yalipita 17,000. Ilionekana kwamba mtoto 1 katika kila 5 ni mchukuzi, na kwamba zaidi kidogo ya 1 katika kila 100 ana ugonjwa wenyewe.

Msomaji aweza kuihakikisha hesabu hii mwenyewe. Kama mtu 1 katika 5 ni mchukuzi, basi ndoa 1 katika kila 25 huwakutanisha wachukuzi wawili. Katika ndoa ya namna hiyo, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa. Robo ya 1 katika 25 ni 1 katika 100. Hivyo shule ya kijiji yenye watoto mia tano, kama wote waliozaliwa wangekuwa wamesalimika, ingekuwa na watoto watano hivi wenye sikoseli, na wachukuzi mia moja.

Hao wachukuzi nao tusiwasahau. Ni watu wazima wa afya, lakini figo lao, kama picha za mwaka wa 1970 zilivyoonyesha, halikusalimika kabisa. Wengi wao hukoleza mkojo kwa kiasi kidogo kuliko wengine, ingawa kwa kawaida hawajui. Mara nyingine mishipa ya figo ikiziba, mchukuzi hukojoa damu bila maumivu. Hapa ndipo pana mtego katika nchi ya Simiyu. Kichocho cha kibofu kimeenea katika mabwawa na majaruba ya Usukuma tangu zamani, na kila mtu ajua kwamba kijana akikojoa damu ana kichocho. Mara nyingi ni kweli. Lakini ikiwa amemeza dawa ya kichocho, na mayai ya vijidudu hayaonekani, na damu bado inatoka, yafaa damu yake ipimwe sikoseli, badala ya kumpa dawa ileile mara ya tatu.

Kuhusu kulowesha kitanda, tuseme kwa uangalifu. Watoto wenye sikoseli hulowesha kitanda mara nyingi kuliko wenzao, na huchelewa kuacha. Wingi wa mkojo ni sababu mojawapo, si sababu pekee. Uzito wa usingizi, udogo wa kibofu na kukatika kwa pumzi usiku huhesabiwa pia. Wala si kila kikojozi ana sikoseli. Watoto wengi wazima kabisa hulowesha kitanda, na huacha wenyewe wakikua. Lakini katika nchi ambayo mtoto 1 katika 100 huzaliwa na ugonjwa huu, mtoto anayelowesha kitanda, na pia hupatwa na maumivu ya mifupa, macho ya manjano, kuvimba vidole au homa za mara kwa mara, hastahili fimbo. Astahili kupimwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba elimu hii ilikusanywa kwa vipande. Mjumbe wa maji alijulikana kabla ya kujulikana kwa nini hasikilizwi. Mundu ilionekana katika damu kabla ya kuonekana madhara yake katika figo. Wachukuzi walihesabiwa kwa ajili ya ukabila kabla ya watoto wao kuhesabiwa kwa ajili ya tiba. Mambo hayo yalipounganishwa, lilitokea agizo moja jepesi ambalo mama wa Kalemela aweza kulitimiza bila kungoja daktari wa mbali: mtoto mwenye sikoseli anywe maji mengi, mchana na jioni, hasa wakati wa kiangazi, safarini, na anapokuwa na homa. Desturi ya kumnyima maji usiku ili asilowe ni kumwadhibu kwa njia ambayo yaweza kumletea maumivu makali, nayo hailifikii hata lengo lake, kwa kuwa figo lake halina uwezo wa kuzuia maji kama la wenzake. Ni heri mkeka ulowe. Aamshwe usiku aende haja, na mwalimu amruhusu kutoka darasani na kuwa na chupa yake ya maji.

Dawa pia zimeendelea. Hidroksiyurea, ambayo huongeza himoglobini ya utotoni isiyopinda, imejaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2019 yalionyesha kwamba huwapunguzia maumivu, malaria na vifo. Katika Marekani watoto wachanga waliopewa dawa hiyo mapema walionekana kukoleza mkojo vizuri kidogo kuliko wenzao. Hayo yakubaliana na somo la mwaka wa 1956: figo la mtoto laweza kusaidiwa, lakini saa yake hupita. Kwa hiyo kupima watoto mara wanapozaliwa si anasa ya miji mikubwa. Ndiko kunakoamua kama figo litaokolewa au litaachwa life.

Sasa twaweza kulijibu swali tuliloliuliza mwanzo. Lugha ilimweka kikojozi upande wa kinyozi na kiongozi, yaani watu wanaotenda kwa hiari yao. Hatudai kwamba neno libadilishwe. Maneno yana umri wake na njia zake. Lakini hukumu iliyofuatana na neno hilo yaweza kubadilishwa. Mtoto ambaye homoni yake hubisha hodi katika figo lisiloweza kuitika hakutenda neno lolote. Mahali pake ni pamoja na kipofu na kiziwi, ambao jamaa zetu wamejua siku zote kuwashika mkono. Na yeye, badala ya mkono, ahitaji kikombe cha maji.